Sekunde za riadha hazipunguzwi

Katika madarasa ya Eldoret, mwanafunzi anayekadiria desimali hutupa tarakimu inayofuata ikiwa ni 4 au pungufu. Riadha haina huruma hiyo: kanuni za kimataifa zaagiza muda upandishwe daima. Uwanjani, hadi mita 10,000, kamera husoma sehemu za elfu za sekunde, na 1:43.241 huandikwa 1:43.25. Barabarani desimali hazibaki kabisa. Eliud Kipchoge, afanyaye mazoezi Kaptagat, karibu na Eldoret, alitumia 1:59:40.2 jijini Vienna mnamo Oktoba 12, 2019. Kikanuni ingekuwa 1:59:41, ijapokuwa mbio hizo hazikuhesabiwa kuwa rekodi. Naye atakayemaliza marathoni kwa 1:59:59.01 ataandikiwa saa mbili kamili.