Ibada ya Bure: Kitabu cha Ayubu katika Masomo ya Kila Siku

Katika Kanisa Katoliki masomo ya Misa za siku za kawaida hufuata mzunguko wa miaka miwili, yaani Mwaka I kwa miaka witiri na Mwaka II kwa miaka shufwa, na katika Juma la 26 la Mwaka II somo la kwanza hutolewa katika Kitabu cha Ayubu tangu Jumatatu hadi Jumamosi, isipokuwa pale adhimisho lenye masomo yake linapoangukia siku hizo. Hivyo kitabu chenye sura 42 hupitiwa kwa siku sita. Makala haya yanadai kwamba baadhi ya mistari inayorukwa katika uteuzi huo ndiyo inayobeba jibu la swali linaloulizwa katika somo la Jumatatu.

Swali hilo, lililomo katika Ayubu 1:9, linahusu nia: je, Ayubu anamcha Mungu bure? Anayeliuliza ni Shetani, ambaye jina lake hapa ni cheo chenye maana ya mshitaki, naye anadai kwamba uchaji wa Ayubu ni biashara, kwa kuwa Mungu humlinda na kumtajirisha, naye hulipa kwa ibada. Neno la Kiebrania hinnam, sawa na neno letu bure, lina pande mbili: kinachotolewa bila malipo, na kinachotendeka bila sababu. Linarudi katika 2:3, Mungu mwenyewe anapokiri kwamba Ayubu ameangamizwa bila sababu, na katika 9:17, Ayubu anapolalamika kwamba majeraha yake yanaongezwa bure. Kwa neno hilo moja mwandishi anafunga pamoja ibada na mateso, kwani kama kila teso lingekuwa adhabu na kila heri ujira, asingekuwapo mtu awezaye kumwabudu Mungu bure. Hata hivyo, sura ya 2 haisomwi katika juma hilo, na somo la Jumatano linakoma kwenye 9:16, mstari mmoja tu kabla ya neno hilo kurudi.

Hotuba za marafiki wa Ayubu, Elifazi, Bildadi na Sofari, nazo hazisomwi, ingawa hoja yao kwamba anayeteseka lazima amekosa bado inasikika katika mahubiri ya mafanikio na hata katika minong'ono ya matangani. Inaweza kujibiwa kwamba kilio cha Ayubu hakikufichwa, kwa kuwa sura ya 3 husomwa Jumanne. Jibu hilo ni la haki, lakini halitoshi, kwa sababu somo la Jumamosi linaruka 42:7, ambapo Mungu anawakemea marafiki hao kwa kutomnena sawasawa kama Ayubu alivyomnena, na bila hukumu hiyo msikilizaji atadhani kilio kilikuwa kosa ambalo Ayubu alilitubia.

Hasara kubwa zaidi imo katika 42:8-10. Katika 1:5, mstari ambao nao hausomwi, Ayubu alitoa sadaka za kuteketezwa kwa ajili ya wanawe kwa hofu kwamba huenda wamekosa, ibada ambayo nia yake ilikuwa kinga. Mwishoni marafiki wanaagizwa kupeleka ng'ombe dume 7 na kondoo dume 7, na Ayubu awaombee. Mpangilio wa mstari wa 10 ni wa kuzingatiwa, kwani kurejeshewa kunafuata ombi. Anapoomba, Ayubu hajarudishiwa kitu, hajaelezwa sababu ya mateso yake, na anaowaombea ndio waliomshitaki. Hiyo ndiyo ibada ya bure, na ndilo jibu kwa mshitaki.

Kwa hiyo anayefuata masomo ya siku hana budi kufungua Biblia na kusoma kilicho kabla na baada ya kifungu alichopewa. Akiikosa sala hiyo, kondoo 14,000 wanaotajwa Jumamosi wataonekana kuwa mshahara wa uvumilivu, na mshitaki atakuwa amesema kweli.