Kigingi, Kamba na Kompyuta: Uchoraji wa Ramani Abuku

Wazee wa Abuku, wilayani Koboko nchini Uganda, walijenga bila karatasi, lakini hawakujenga bila vipimo. Mwenye nyumba alichimbia kigingi katikati ya uwanja, akafunga kamba, akashika kijiti kwenye ncha ya pili na kuzunguka huku kamba imekazwa. Alama iliyobaki ardhini ndipo ukuta uliposimama. Akitaka baraza, alirefusha kamba bila kung'oa kigingi, akazungusha duara la pili. Mimi ni fundi mwashi, mtoto wa seremala, na siku hizi nawafundisha vijana wa Koboko kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta. Kila nikianza na kundi jipya naanzia kwenye kigingi hicho, kwa sababu naamini ndiyo historia ya kweli ya somo letu.

Karatasi ililetwa na serikali na misheni. Nchi yetu ilikuwa sehemu ya Lado, eneo alilolishika Mfalme Leopold wa Ubelgiji mpaka alipokufa Desemba 1909. Mwaka 1910 likawekwa chini ya Sudani, na mwaka 1914 upande huu wa kusini ukahamishiwa Uganda. Ramani ya kwanza iliyobadilisha maisha ya babu zetu ilikuwa ya mipaka, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa mstari upite wapi. Tangu hapo mtu wa kawaida alijua kwamba ramani hutoka ofisini, na kwamba yeye kazi yake ni kuifuata.

Lakini mafundi walikuwa wakifundishwa. Makerere, ambayo leo tunaitaja kwa heshima ya digrii, ilifunguliwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wakisoma useremala, ujenzi na umakanika. Huku kwetu West Nile walimu walikuwa mabruda wa shirika la Kikatoliki la Comboni, waliochoma matofali na kusimamisha majengo kama kanisa la Lodonga, lililopewa hadhi ya basilika mwaka 1961. Baba yangu alijifunza useremala kwa bruda mmoja, na kuchora kulikuwa sehemu ya useremala. Alikuwa na ubao, rula ya T, pembetatu mbili za mbao, bikari, na penseli ngumu aliyoichonga kwa kisu kisha akaisugua juu ya msasa mpaka ncha ikawa bapa kama patasi, ili mstari mrefu usinenepe njiani. Mstari wa wino ukikosewa ulikwanguliwa kwa wembe, polepole, karatasi isitoboke. Ramani ya mlango mmoja ingeweza kumaliza siku nzima.

Kisha Rais Idi Amin akaangushwa mwaka 1979, na vita vikafika West Nile. Watu wa Koboko walikimbilia Sudani na Zaire, na nyumba nyingi ziliteketea nyuma yao. Baba alibeba randa na msumeno, kwa kuwa ndivyo vitakavyolisha watoto ugenini. Ramani zilibaki. Tuliporudi, kuta zilikuwa zimeanguka na hapakuwa na karatasi ya kutuonyesha zilikuwa na upana gani. Shule na makanisa yalijengwa upya kwa kumbukumbu za wazee na kwa kupima misingi iliyosalia chini ya nyasi. Sijui hasara nyingine ya ufundi wetu inayofanana na hiyo, na huwa nashangaa inavyotajwa mara chache.

Mbali na hapa, miaka mingi kabla ya vita hivyo, mambo mengine yalikuwa yameanza. Januari 1963, miezi mitatu tu baada ya Uganda kupata uhuru, kijana wa Kimarekani aitwaye Ivan Sutherland alikamilisha tasnifu yake katika chuo cha MIT. Programu yake iliitwa Sketchpad. Alichora kwa kalamu ya mwanga moja kwa moja kwenye skrini ya kompyuta kubwa iitwayo TX-2, na la ajabu ni kwamba hakuhitaji mkono ulionyooka. Alichora umbo la pande sita lililopindapinda, akaiamuru mashine iziweke pembe zote juu ya duara, kisha akaiamuru isawazishe pande zote. Umbo likajinyoosha lenyewe. Amri hizo tunaziita masharti: mistari hii iwe sambamba, hii ikutane kwa pembe mraba, hii ilingane.

Wazo hilo lilichelewa kuwafikia mafundi. Programu ya kuchora iitwayo AutoCAD ilipoanza kuuzwa mwishoni mwa 1982 kwa ajili ya kompyuta ndogo, ilikuwa ubao wa baba uliohamia kwenye skrini. Masharti ya aina ya Sutherland yaliingizwa humo kwenye toleo la 2010. Sisi tunatumia FreeCAD, iliyoanza mwaka 2002, kwa kuwa haiuzwi na kijana anaweza kwenda nayo nyumbani.

Somo la kwanza ni duara. Mwanafunzi anabofya, duara linatokea, na programu inamwambia bado limebakiza uhuru wa namna tatu: laweza kusogea kushoto na kulia, laweza kusogea juu na chini, laweza kukua au kupungua. Akikifunga kitovu kwenye makutano ya mihimili, namna mbili zimekwisha. Akiandika nusukipenyo, ya tatu imekwisha, na mstari unageuka kijani. Hapo namuuliza kigingi cha babu yake kilifunga namna ngapi, na kamba ngapi. Anajibu kabla sijamaliza kuuliza.

Nyumba ya bati ya vyumba viwili inafuata. Pembe nne zilizochorwa ovyo zina uhuru wa namna nane. Pande mbili ziwe mlalo, mbili ziwe wima, zinabaki nne. Pembe moja ifungwe mahali pake, zinabaki mbili, nazo ni urefu na upana. Hapa wanafunzi wangu waliozoea saiti hukwama, kwa kuwa wanataka kuongeza kipimo cha kona kwa kona. Ukiwa umetoa mita 3 na mita 4, programu inaikataa ile 5 ya kona kwa kona na kusema imezidi. Kwenye udongo fundi anaihitaji sana hiyo 5, maana uzi hulegea na kigingi huhama. Ndiyo maana namtaka kila mwanafunzi akaitie nyumba yake uzi uwanjani baada ya kuichora, na apime kona kwa kona kabla ya kuchimba msingi.

Walimu wengine huanza kwa kukaririsha vitufe. Naona wanapoteza muda: vitufe hubadilika kila toleo, na masharti ya Sutherland ni yaleyale tangu 1963.

Ninalo ombi kwa yeyote mwenye ramani ya zamani ya shule, kanisa, zahanati au nyumba ya Koboko, hata kama mchwa wameshaanza kuila. Usiichome wala usiifungie vitu. Ipige picha ikiwa imenyooshwa mezani, rula iwe pembeni yake ili kipimo kionekane, kisha uwape vijana wanaojifunza waichore upya.