Sayansi ya uzazi: Manufaa yake na mipaka ya maadili

KATIKA Seminari Kuu ya Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, vizazi vya mapadre wa nchi hii vimefundishwa somo la maadili. Mmoja wa waliowahi kulifundisha hapo ni Polycarp Pengo, aliyepata shahada ya uzamivu ya teolojia ya maadili mjini Roma mwaka 1977, na ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam na Kardinali.

Mwaka mmoja tu baada ya shahada hiyo, somo lenyewe lilipata swali jipya. Tarehe 25 Julai 1978, katika mji wa Oldham, Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani ambaye mimba yake ilitungwa nje ya mwili wa mama. Waliofanikisha kazi hiyo ni mwanasayansi Robert Edwards, daktari Patrick Steptoe na muuguzi Jean Purdy. Edwards alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2010, wakati wenzake wawili walikwisha kufariki.

Ukubwa wa tatizo

Kitaalamu, ugumba ni hali ya wenzi kushindwa kupata mimba baada ya kukutana kimwili mara kwa mara, bila kinga, kwa miezi 12 au zaidi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa takriban mtu mmoja kati ya sita hukumbwa na hali hiyo katika maisha yake.

Katika nchi zetu, sababu kubwa kwa wanawake ni kuziba kwa mirija ya uzazi, ambako aghalabu hutokana na maambukizi kama kisonono na klamidia yasiyotibiwa mapema, au utoaji mimba na uzazi usio salama. Kwa wanaume, mbegu huweza kuwa chache, dhaifu au kutokuwapo kabisa. Mwanamume huchangia tatizo, peke yake au pamoja na mkewe, katika karibu nusu ya ndoa zisizo na mtoto. Hata hivyo, anayeitwa tasa, anayeletewa mke mwenza au kurudishwa kwao, mara nyingi ni mwanamke, wakati mumewe hajawahi kupimwa hata mara moja.

Manufaa

Katika upandikizaji mimba, mwanamke hudungwa sindano za homoni ili mayai kadhaa yapevuke kwa pamoja. Mayai hayo huvunwa na kukutanishwa na mbegu za kiume maabara, na baada ya siku tatu hadi tano kiinitete huwekwa katika mji wa mimba. Tangu mwaka 1992 imewezekana pia kuingiza mbegu moja tu ndani ya yai, jambo lililowapa matumaini wanaume wenye mbegu chache mno.

Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa njia hii mwaka 2006. Hapa nchini huduma ilianzia katika hospitali binafsi, na katika miaka ya karibuni Hospitali ya Taifa Muhimbili nayo imeingia katika kazi hiyo.

Manufaa hayaishii kwenye ugumba. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nchini kila mwaka wakiwa na selimundu, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi. Maabara za leo zaweza kupima kiinitete na kutambua kama kina ugonjwa huo kabla hakijapandikizwa.

Mipaka

Hapo ndipo maadili yanapouliza. Kiinitete kilichokutwa na selimundu kifanywe nini? Vile vilivyobaki baada ya mama kupata mtoto vihifadhiwe hadi lini, na kwa amri ya nani? Kanisa Katoliki, katika waraka Donum Vitae wa mwaka 1987, lilijibu kuwa kiinitete kina hadhi ya binadamu tangu kutungwa, na kwamba tiba inaruhusiwa kusaidia tendo la ndoa bali si kuchukua nafasi yake. Msimamo huo ulirudiwa katika waraka Dignitas Personae wa mwaka 2008.

Tabora, uliokuwa kituo kikuu cha misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji, ni mji wa misikiti pia, na waumini wa Kiislamu wana mwongozo wao. Mwaka 1980 Sheikh Jad al-Haqq wa Misri alitoa fatwa iliyoruhusu njia hii kwa mume na mke walio katika ndoa, kwa yai na mbegu zao wenyewe, na kuharamisha mtu wa tatu. Basi dini hizi mbili zinatofautiana kuhusu maabara, lakini zinakubaliana kuwa nasaba ya mtoto si kitu cha kununuliwa.

Suala la mtu wa tatu si geni kwetu. Wakurya wa mkoa wa Mara wana desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto humtolea mahari msichana ili amzalie watoto wa nyumba yake. Lakini mila inamjua kila mhusika kwa jina. Mkataba wa kukodi tumbo waweza kumficha mama aliyebeba mimba, na umaskini ukawa ndio uliotia saini.

Mpaka wa mwisho ni kubuni mtoto. Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha ambao vinasaba vyao alivibadili. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu.

Sheria

Tanzania ilitunga Sheria ya Vinasaba vya Binadamu mwaka 2009, lakini haina sheria mahususi ya upandikizaji mimba. Matokeo ya pengo kama hilo yalionekana Nairobi mwaka 2014, mahakama ilipolazimika kuamua shauri la mapacha waliobebwa na mama mwingine, ambao walikuwa wamechukuliwa na kupelekwa katika makao ya watoto. Watoto hao hawakuwa na kosa lolote. Watu wazima ndio waliochelewa kuandika sheria.

Wakati sheria ikisubiriwa, yapo yasiyohitaji Bunge wala mamilioni ya shilingi: kutibu magonjwa ya zinaa mapema, kupima selimundu kabla ya ndoa, na mume kuongozana na mkewe hospitalini wote wawili wapimwe. Hatua hizo hazipingwi na msikiti wala kanisa, na zingewaepusha wanawake wengi na jina la utasa wasilostahili.