Acha Ivume?

Redio za betri hazikuwa na mvumo huu, kwani umeme wa betri haugeuki mwelekeo. Mvumo umekuja Mtama na umeme wa nguzo, nao ulichelewa jamani. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo, Kilwa, ilianza kufua umeme Dar es Salaam, huku vijiji vingi vya kusini vikibaki na koroboi.

Ndiyo maana mzee akiniletea amplifaya husema, "Acha ivume, mwanangu, ndo umeme huo." Mimi nazima, nachomoa spika, nawasha tena. Ikiendelea kuvuma, ni transfoma: umeme wa hezi 50 hutikisa mabati yake mara 100 kwa sekunde. Ikinyamaza, nakagua kapasita.

Tulioungoja umeme hivyo, tusikie na muziki.