Filimbi Zilizoachwa

Katika mwaka wa 1847 Theobald Boehm, sonara na mpiga filimbi wa Munich, aliunda filimbi mpya yenye sauti kubwa na vifuniko vingi vya kuziba matundu. Pole pole wapigaji wengi wa Ulaya wakaziacha filimbi zao za mti. Zikauzwa rahisi, na watu wa kawaida wa Ayalandi wakazinunua kwa ajili ya ngoma zao.

Lakini filimbi kuukuu aghalabu hailii mpaka itengenezwe. Kipande cha juu, chenye tundu la kupulizia, mara nyingi kina bomba la madini ndani. Mti ukikauka husinyaa, bomba halisinyai, na mti hupasuka. Ufa mwembamba kama unywele huvujisha pumzi, sauti isitoke. Fundi hulitoa bomba, huufunga ufa kwa gundi, hubadili ngozi za vifuniko, huzungusha uzi penye maungio, kisha huupaka mti mafuta kidogo kidogo.

Kama filimbi hizo zingalitupwa motoni, muziki wa Ayalandi ungalikosa sauti yake moja iliyo tamu. Leo mafundi huchonga mpya kwa kuziiga zile za kale, na mti waupendao ni mpingo, uotao Tanzania na Msumbiji. Basi, mwanafunzi, kabla ya kukitupa kitu kikuukuu, tazama kwanza kama hakimngoji fundi.