Kilometa za Mtoto wa Buha

Ndugu msomaji, hebu tandika ramani ya Tanzania mezani. Weka kidole Kitahana, huku kwetu Kibondo, karibu na mpaka wa Burundi. Sasa sogeza kidole mpaka Mtwara, kule chini kabisa Bahari ya Hindi inapopakana na Msumbiji. Umeona? Huwezi kwenda mbali zaidi ya hapo bila kuvuka mpaka wa nchi. Hata ndege ikiruka moja kwa moja bila kona ni zaidi ya kilometa 1,200, na sisi hatuendi kwa ndege. Mwaka 2021 ndiko mashindano ya taifa ya shule, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, yalikofanyika. Miaka ya 2022 na 2023 yakaja Tabora, angalau jirani. Mpira, netiboli, riadha, kwaya, ngoma, vyote vimo humo. Mtoto anayepiga ngoma vizuri Kasulu anaanzia shuleni, anapanda kata, wilaya, mkoa, na akijaliwa taifa. Kila ngazi ina nauli yake, godoro lake, sare yake na chakula chake.

Swali langu ni dogo tu: nani analipa? Ukilifuata swali hilo kurudi nyuma miaka mia hivi, unaikuta historia ya Buha nzima imekaa humo ndani.

Tuanze na wakubwa, maana zamani waliosafiri kushindana walikuwa wakubwa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, huko Lamu na Mombasa, mitaa ilishindana kwa ngoma iitwayo beni. Wanaume walivaa kama askari na mabaharia wa Kizungu, wakajipa vyeo vya kijeshi, wakapiga gwaride na matarumbeta. Vita ilipoisha, maaskari na wapagazi wakaibeba beni mpaka bara. Tanganyika nzima ikagawanyika kati ya Marini na Arinoti. Marini walijiona mabwana, Arinoti ndio walalahoi. Beni ikafuata reli na barabara, ikaingia Kenya, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini mpaka Kongo. Na si mchezo, watu walitumia fedha! Mwanachama alitoa kiingilio, alitoa ada, alishona sare, na wageni wa mji mwingine wakija kushindana ilibidi walishwe mpaka washindwe kusimama. Maofisa wa Kiingereza walilalamika kwamba watu wanajifilisi kwa ajili ya ngoma. Labda ni kweli. Lakini aliyejifilisi alikuwa mtu mzima mwenye mshahara wake, amepima mwenyewe, ameamua mwenyewe. Hakuna mwalimu aliyemwandikia barua.

Huku Buha wakati huohuo watu walisafiri kwa sababu nyingine kabisa. Kodi ya Mjerumani, kisha ya Mwingereza, ilidai fedha, na fedha haikuwapo milimani. Ilikuwapo kwenye katani, Tanga na Morogoro. Basi vijana wakafunga vibunda vyao wakatembea. Reli ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, lakini kuwa na reli wilaya ya pili ni jambo moja, na kuwa na nauli ni jambo jingine. Wengi walikwenda kwa miguu, majuma kwa majuma, wakilala porini, wakiogopa simba na malale.

Halafu angalia kilichotokea. Mwaka 1944 wenye mashamba ya katani waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, kikaitwa SILABU. Kuanzia hapo Muha alipandishwa lori, akapandishwa treni, akalishwa njiani, akafikishwa shambani, na nauli hakulipa mfukoni mwake. Akaitwa manamba, kwa sababu alikuwa namba. Je, Mzungu wa katani alikuwa ameingiwa na huruma? Wapi! Alihitaji mikono, bei ya katani ilikuwa juu, na mtu anayetembea mwezi mzima anafika kachoka, au hafiki. Safari ya Muha ilipoanza kumfaa mtu mwingine, mtu huyo alifungua mfuko.

Naomba msomaji uishike hiyo, maana nimeipima na mambo yaliyofuata na sijaona ikikataa.

Chukua enzi za Mwalimu. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri, Nyerere aliliambia Bunge kwamba anaunda wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisema wazi kwamba wakoloni walitufanya tuzionee haya ngoma zetu. Kikundi cha ngoma cha taifa kikaundwa. Ngoma zikawa kazi ya serikali: Mwenge ukipita, ngoma; mgeni wa nje akitua uwanja wa ndege, ngoma; mkutano wa chama, ngoma. Wazee wa kwetu wanakumbuka lori la serikali likija kuchukua wapiga ngoma, na wote wakipanda nyuma wakiimba njia nzima. Nauli? Nani alikuwa anaulizia nauli? Taifa jipya lilitaka kuonekana, na haliwezi kuonekana bila watu wa kucheza.

Watoto nao wakapewa yao, halaiki. Mtindo huo wa maelfu ya watoto kucheza kwa pamoja, kupandiana mabegani, kuandika maneno kwa miili yao uwanjani, ulistawi sana Uchina na Korea ya Kaskazini, marafiki zetu wa miaka ile. Ukiona halaiki ya sikukuu na ukiona wale vijana wa Marekani wanaorushana hewani kushangilia timu zao, utadhani ni mapacha waliotenganishwa hospitali.

Na hapo lazima nitoke nje ya Buha kidogo, nitarudi. Ushangiliaji wa Marekani ulianza mwaka 1898, Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanafunzi mmoja alipowaongoza watazamaji kupiga kelele kwa mpangilio. Ilikuwa burudani ya bure. Leo ni mashindano yenyewe, na mzazi hulipia mazoezi, sare, kiingilio, ndege na hoteli. Mwaka 2020 wazazi na wenye kumbi za mazoezi waliifungulia mashtaka kampuni kubwa ya biashara hiyo, Varsity Spirit. Walidai imehodhi kila kitu, hata hoteli ya kulala, kwamba timu isiyolala katika hoteli zilizopangwa haichezi. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 43.5 mwaka 2023 katika kesi moja, na milioni 82.5 mwaka 2024 katika nyingine, bila kukiri kosa. Ukiyasoma hayo ukiwa Kibondo unacheka kwanza: hoteli! Sisi watoto wanalala darasani, madawati yamesukumwa ukutani. Lakini kicheko kinakwisha haraka, maana mzazi wa kule na wa huku wamebanwa mahali pamoja. Mtoto ameshachaguliwa, ameshafurahi, ameshawaambia wenzake. Sasa mwambie hapana.

Turudi nyumbani. Lori la serikali lilikoma lini? Hakuna siku moja. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika la reli la pamoja likavunjika nayo. Mwaka 1978 na 1979 vita na Idi Amin. Mafuta yakapanda, bidhaa zikaadimika. Kikundi cha ngoma cha taifa hakikuvuka mwanzo wa miaka ya 1980. Bagamoyo wakaanzisha chuo cha sanaa badala yake. Katikati ya miaka hiyo karo ya sekondari ikarudi, mwaka 1986 tukasaini na Shirika la Fedha la Kimataifa, na neno jipya likaingia shuleni: kuchangia.

Mchango! Zamani neno hilo lilikuwa la harusi na msiba. Mtu amefiwa, jirani anakuja na debe la maharage, mwingine kuku, mwingine kuni. Unatoa leo, kesho unatolewa. Ni akiba ya kijiji, tena haina karani. Walipolihamishia shuleni walichukua utamu wa neno wakaacha kurudishiana. Mchango wa mlinzi, mchango wa dawati, mchango wa mtihani, mchango wa michezo. Ukitoa wa michezo na mtoto wako hakuchaguliwa, umetoa. Akichaguliwa, unatoa tena.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ikasimamisha kabisa mashindano hayo ya shule, yakarudi baada ya awamu ya nne kuingia Desemba 2005. Wapo waliosema watoto sasa watasoma. Mimi nasema wazazi walipumua miaka ile, na hilo halikuandikwa popote kama faida.

Sasa tuhesabu, kalamu mkononi. Mwaka 2002 ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa, na mpango wa wakati ule ulikadiria ruzuku ya dola 10 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka, kiasi cha shilingi 10,000. Mwaka 2016 elimu bila malipo ikafika hadi kidato cha nne. Ruzuku ya msingi? Shilingi 10,000 ileile, wakati dola moja imeshapita shilingi 2,000. Humo mna chaki, mitihani, ukarabati, na michezo pia.

Nauli nayo haikusubiri. Mwaka 2013 SUMATRA ilipanga basi la kawaida kwenye lami lisizidi shilingi 36.89 kwa kilometa. LATRA ikapandisha mpaka 41.29 mwaka 2022, na 48.47 Desemba 2023. Timu haisafiri kwa basi la abiria kila mara, najua, mara nyingi ni gari la kukodi, lakini mwenye gari naye hujaza mafuta kwenye pampu hizohizo. Basi chukua shilingi 10,000 za mtoto, zote, usimnunulie hata chaki, umnunulie barabara. Mwaka 2013 zilinunua kilometa 271. Baada ya Desemba 2023 zinanunua 206. Kutoka Kibondo hazimfikishi hata Tabora, na kurudi sijasema.

Na hiyo ni bei ya lami. Kilometa ya vumbi ilipangiwa nauli ya juu kuliko ya lami, kwa kuwa vumbi linaua magari. Sasa nani walikaa kwenye vumbi miaka yote hiyo? Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilometa 260, imesubiri mpaka miaka hii ya karibuni ndipo ikaanza kupata lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kwa hiyo Muha amelipa zaidi kwa kurushwarushwa zaidi. Treni ingesaidia, lakini nayo ilikodishwa kwa Wahindi wa RITES mwaka 2007, mkataba ukafa baada ya miaka michache, na wakati ule abiria wa Kigoma aliweza kungoja stesheni mpaka akafahamiana na mbuzi wa pale.

Waraka wa elimu bila malipo ulikataza michango ya lazima. Vizuri sana. Ila mzazi wa mtoto aliyechaguliwa haambiwi ni lazima. Anaambiwa “kwa wenye uwezo”. Shule moja ninayoijua, sitaitaja, binti wa jirani yetu alichaguliwa netiboli timu ya wilaya. Mama yake aliitwa ofisini, akapewa orodha: raba, soksi, shuka, sabuni, na fedha ya njiani. Aliuliza kwa adabu, “Mwalimu wangu, na asiyekuwa navyo?” Akajibiwa kwamba yupo wa akiba. Hakukuwa na ukali wowote, mwalimu mwenyewe alikuwa ametoa fedha zake kununua mpira. Mama akauza maharage mwezi wa tano, bei ikiwa chini kwa kuwa kila mtu amevuna, badala ya kungoja mpaka bei ipande. Binti akaenda. Kwa hiyo gharama ya safari ile hukuti kwenye orodha ya mwalimu. Iko kwenye tofauti ya bei ya gunia kati ya mwezi wa tano na mwezi wa kumi na mbili, na hiyo hakuna afisa michezo anayeiandika.

Narudi kwa manamba. Mwenye katani alilipa nauli kwa sababu alitaka mikono. Taifa changa lililipa kwa sababu lilitaka kuonekana. Leo mtoto wa Kitahana akicheza ngoma Tabora au Mtwara, anayemhitaji pale ni nani? Mkoa unataka kikombe, lakini kikombe utakipata hata kwa wa akiba. Anayemtaka yeye hasa, kwa jina lake, ni mama yake, basi mama yake ndiye analipa.

Mwaka 1967 Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, na kila shule ikaambiwa iwe na shamba. Mashamba mengine bado yapo. Lile tulilolima sisi shuleni lilikuwa na mahindi na maharage, na udongo wa kwetu, wenye kuujua wanajua, hauna ubishi. Tulilima kila Alhamisi. Mavuno ya mwaka mmoja yalijenga choo cha walimu, ya mwaka mwingine hatukuambiwa. Sijawahi kusikia kikao chochote cha wazazi kikiamua kwamba robo ya gunia za shamba la shule iwekwe kando, iandikwe “nauli ya michezo”, iuzwe mwezi wa kumi na mbili. Kwaya za makanisa huku Kasulu zinafanya hivyo siku nyingi. Wanakwaya wanalima shamba lao wenyewe, wanauza, wanasafiri, na kijana asiye na hata shilingi anapanda gari pamoja na wenzake kwa sababu jembe lake linajulikana.