Asili ya Mishale ya Hisabati

Euler, alimu wa Uswisi, katika kitabu chake cha mwaka 1748 aliihesabu fankisheni kuwa ni fomula tu. Ikapita karibu karne nzima hata Dirichlet wa Ujerumani, mwaka 1837, akabainisha kwamba fomula si sharti, bali yatosha kila kiasi kipewe kimoja, na kimoja tu, kinacholingana nacho.

Mshale wenyewe, unaochorwa kutoka kila kiasi hadi kile kilichopewa, ulichelewa, na aliyeuteremsha hadi kwa watoto, kwa rangi nyingi, ni Georges Papy wa Ubelgiji katika vitabu vyake vya tangu 1963. Huku kwetu, warsha ya Entebbe, Uganda, ya mwaka 1962 ilikwisha kuanza kuandika vitabu vya hisabati mpya, yaani mtindo wa wakati huo wa kufundisha kwa seti na michoro ya namna hii.

Mchoro wa mishale ni kama huu. Chora duara la watoto na duara la mama zao: kila mtoto hutoa mshale mmoja, ijapokuwa ndugu wawili huangukia mama mmoja, na hiyo ni fankisheni. Geuza mishale, na mama mwenye wana watatu ataiharibu, maana atatoa mishale mitatu.

Hisabati mpya ilishutumiwa vikali, pengine kwa haki, ikaachwa. Mchoro huu haukustahili lawama hizo, na ungali vitabuni.